Herufi za Mkono wa Kulia

Namkunda mwanangu,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza u hali gani, maana nakusikia chumba cha pili ukigombana na zipu ya begi. Baba yako yuko kibarazani na redio yake. Mimi nimejifungia huku dukani, nimekaa kwenye kiti cha wateja, kompyuta za watu zimelala mezani matumbo wazi. Nimewaambia nina kazi ya kumaliza kabla hujaondoka. Ni kweli, ndiyo hii.

Mambo ya chakula, ya kodi ya chumba na ya baridi ya Dodoma tumeshayasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza kuuliza. Siyarudii. Ninachoandika ni kile ambacho kila nikikaa mbele yako nikitaka kukisema, naishia kukuuliza kama umekula.

Juzi shangazi yako Eliwaza alipiga simu kutoka Suji kukutakia safari njema, ukawa umetoka. Tulisalimiana, tukaongea habari za maharage yake yaliyoozea shambani kwa mvua, halafu akashusha sauti. Akasema, "Wifi, yule mtoto ana kitu kimemkaa. Aliniambia Pasaka tukichambua mboga. Anasema baba yake alivyo leo ni kwa sababu yeye hakupiga kelele vya kutosha. Anasema ndiyo maana akaenda kusomea kompyuta."

Nilimwambia nitaongea nawe. Tangu hapo nimeuzunguka mdomo wangu mwenyewe kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Kwa hiyo nakuandikia, ili kesho usipande basi na mzigo ambao si wako. Wewe ulisema, Namkunda. Ulisema wazi, kwa wakati, na mimi nilikusikia. Nataka uwe na maneno hayo kwa mwandiko wangu, kwa sababu siku moja ulinisikia nikisema kinyume chake mbele ya daktari, na hatujawahi kulitaja jambo hilo mimi na wewe.

Uliona upande wa Suji. Acha nikuambie upande wa huku.

Unajua tulivyokuwa tunaishi. Baba yako alikuwa juu Suji, akifundisha jiografia na kushika ofisi ya taaluma, mimi nikiwa hapa Same na duka langu la kutengeneza kompyuta. Watu walidhani kazi ndiyo ilitutenganisha. Ulikuwa ubishi. Mimi nilisema ukungu wa Suji unanibana kifua na wateja wangu wako barabarani. Yeye alisema hawezi kufundisha katika joto la Same, vumbi likimwingia kinywani kila akitaja jina la mto. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake achoke kwanza. Lakini Ijumaa alikuwa anashuka. Anakuja na ndizi kwenye mfuko mmoja na kompyuta yake kwenye mfuko mwingine, maana ile mashine ilikuwa haikosi ugonjwa, na Jumapili anapanda tena. Nadhani mara nyingine aliiharibu kwa makusudi.

Halafu nikajifunza kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Lilikuwa jambo geni kwangu na nililipenda kupita kiasi. Nikawa na wateja Lembeni, Hedaru, mpaka Korogwe, nawatengenezea mashine zao nikiwa nimekaa hapa na chai yangu. Mtu anakusomea namba zake kwa simu, anabonyeza kukubali, na tazama, kioo chake kiko mbele yako na mshale wake unakutii. Nikamwambia baba yako, "Usihangaike tena kushuka kwa ajili ya mashine. Nitaingia humo humo."

Akasema, "Sawa, fundi."

Sikusikia kitu katika ile sawa. Mwanzoni tulifurahi. Alikuwa anasoma zile namba kama anayetoa imla darasani. "Nne. Saba. Saba nyingine, umeandika? Usinipe kazi ya kusahihisha." Tukingoja mtandao ukamate, tunaongea. Lakini Ijumaa zake zikapungua, kwanza moja moja, kisha nikawa sizitarajii. Wanasema sisi Wapare tunabana hata nauli. Mimi nilikuwa nahesabu kwamba nimemwokolea nauli yake.

Mwaka ule ulipomaliza kidato cha nne ulikwenda kukaa naye ukingoja matokeo. Nilifurahi kwamba hayuko peke yake. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa kuisha, na kule juu ukungu ulikuwa hautoki mpaka mchana. Siku moja akanipigia. "Mashine inakula herufi," akasema. "Nyingine inazitapika mara mbili."

Nikaingia. Nilianza na ile programu maarufu, ambayo kila fundi huanza nayo. Picha yake ni safi mtandao ukiwa na nguvu, lakini mtandao ukilegea kioo kinakuwa vipande vipande kama kanga iliyochanika, na baada ya muda mfupi inakushuku kwamba unaifanyia biashara bila kulipia, inakutoa nje. Nikamwambia, "Andika kitu nione." Akaandika jina la shule na maneno matokeo ya muhula. Nikaona herufi zinakuja kwa kusuasua. Moja inatokea, nyingine haitokei, m imegeuka n, k zimekuja mbili. Mshale ukawa unatetemeka pembeni ya kioo kama inzi kwenye dirisha.

"Ni mtandao," nikasema. "Hiyo programu ni nzito kwa ukungu huo."

Nikahamia ya pili. Hiyo ni nyepesi, inaacha rangi zote ili ibane bando, kila kitu kinakuwa kijivu lakini mkono wako unafika haraka. Wewe mwenyewe ulimsaidia kuiweka. Akaandika tena. Herufi zikawa zile zile za kupotea. Hapo nikakumbuka kwamba programu hiyo ina tabia ya kuchanganya kibodi, kama mpangilio wa mashine ya huku haufanani na wa huko, nikakaa nikilinganisha mipangilio. Nilijiona fundi kweli. Na jambo moja nililigundua, nikalifurahia: zilizokuwa zinapotea zilikuwa za upande mmoja tu. A, s, t na e zilikuja vizuri. Zilizoharibika zilikuwa m, n, o, k, l, i, u. Unajua mwenyewe zimekaa wapi kwenye kibodi.

Baba yako alijifunza kupiga chapa kwa vidole vyote kumi, alikuwa anajisifia. Herufi hizo zote ni za mkono wa kulia.

Mimi nikasema, kibodi imeingia unyevu upande wa kulia. Nikanunua nyingine ya kuchomeka, nikaifunga kwenye gazeti, nikampa dereva wa gari la Suji akiwa amepaki pale stendi. Alikuwa na nafasi mbele. Aliniuliza, "Mama Namkunda, si upande tu uipeleke mwenyewe? Kiti kipo." Nikamwambia nina kazi za watu. Gari likaondoka na kibodi.

Ndipo ulipopiga simu. Nakumbuka ulipigia nje, nilisikia upepo na kuku.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kibodi inakuja jioni, mwambie dereva nimeshamlipa."

"Mama, sikia. Baba anashika kikombe kwa mkono wa kushoto."

"Mkono wa kulia ameungua?"

"Hajaungua. Anasema umechoka. Na anaandika vibaya hata kwa kalamu. Jana ameandika orodha ya vitu vya dukani nikashindwa kuisoma. Mama, si kompyuta."

Nilikuwa na mteja mbele yangu. Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nilikujibu, na nakuandikia nilivyojibu bila kupunguza: "Namkunda, baba yako amechoka, ni mwisho wa muhula, amesahihisha mitihani ya shule nzima. Kazi hii naijua. Usimtie wasiwasi."

Ukasema, "Sawa, Mama."

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulitaka nipande na ulijua huwezi kuniambia nipande. Sasa unajiuliza kwa nini hukusema mara ya pili. Mwanangu, mtu akikusikia mara ya kwanza akakunyamazisha, ya pili ingekuwa ya kazi gani? Mimi ningekunyamazisha tena, na kwa ukali. Najijua nilivyokuwa.

Kibodi mpya ikafika, mkaichomeka, herufi zikaendelea kupotea. Wewe na mimi ni mafundi, tunaijua sheria. Unabadilisha kitu kimoja, unatazama. Unabadilisha kingine, unatazama. Ukibadilisha vyote na ugonjwa ukabaki, basi uko kwenye kile ambacho hujakigusa. Nilibadilisha mipangilio, nilibadilisha programu, nilibadilisha kibodi. Nilikuwa sijamgusa baba yako. Sheria hiyo niliifahamu vizuri tu. Lakini kuifuata kulitaka nifunge duka, nishuke Makanya, nipande ule mlima, nikamwangalie mume wangu usoni, na nilikuwa bado nangoja ashuke yeye.

Badala yake nikajaribu ya tatu, ile inayokuja na mashine yenyewe, haihitaji kupakua kitu. Unakumbuka usumbufu wake. Modemu ya Suji haikuwa na anwani ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia, ikabidi nitengeneze njia ya siri kati ya mtandao wangu na wake, siku nzima ikaishia hapo. Ilipokubali, ilikuwa safi kuliko zote. Na unaijua tabia yake: ukiingia wewe, mwenye mashine anafungiwa kioo. Anabaki anatazama picha ya kufuli, na wewe peke yako ndiye unaona na kuandika.

Nikaandika sentensi nzima. Haikupotea hata herufi moja.

Nikaandika nyingine, ndefu. Safi. Nikasema moyoni, programu hii ndiyo bora, zile mbili za mwanzo ndizo zilikuwa zinatusumbua. Yaani nilikaa hapa, na akili zangu, nikalinganisha programu tatu na kuipa ushindi ile ambayo ndani yake mkono wa baba yako haukuwepo.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimpigia nikamwambia ninaingia kumaliza ripoti zake za wanafunzi, mkuu wa shule alikuwa anazidai. Sauti yake ilikuwa nzito, kama mtu aliyeamshwa. Alisema maneno ambayo sikuyashika. Nilisikia "mkono", halafu kitu kama "hauni..." Nikamwambia, "Simu inakatika. Kaa tu, usiguse kitu, niachie mimi. Nitakupigia nikimaliza." Nikakata.

Simu haikuwa inakatika, Namkunda. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nilimsikia akipumua vizuri kabisa kati ya neno na neno.

Nikafanya kazi. Sijui kwa muda gani. Niliandika majina ya watoto wa kidato cha pili wote na maoni ya mwalimu wa darasa kwa kila mmoja, anajitahidi, aongeze bidii, ana nidhamu. Herufi zilitiririka. Nilikuwa na furaha, nataka ulijue na hilo. Nilikuwa nawaza nitakavyomtania, kwamba fundi wake amepata dawa. Na yeye wakati huo alikuwa kwenye sakafu, kati ya kiti na meza, chini ya kile kioo kilichofungwa.

Wewe ndiye ulimkuta ukitoka kuteka maji. Uliponipigia hukulia. Ulisema, "Mama, Baba ameanguka, mdomo umekwenda upande, nimemlaza ubavu, nimeshamwita jirani." Mimi ndiye niliyeuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza. Niliuliza, "Ripoti zimehifadhiwa?" Sijui kama ulilisikia. Mdomo ulikwenda wenyewe, kichwa kikiwa bado ndani ya mashine. Kama hukulisikia, sasa unalijua.

Mkuu wa shule alitoa gari lake. Mimi nilichukua bodaboda mpaka Makanya, nikasimama pale njia panda ya Suji kwenye jua, malori ya jasi yakipita na kunimwagia vumbi, nikitazama mlima. Kule juu wingu lilikuwa limekaa, huoni nyumba wala barabara. Niliposimama pale ndipo nilipohesabu ni lini mara ya mwisho niliipanda barabara ile. Ilikuwa kwenye msiba wa bibi yako. Mnashuka, na mimi nawangojea chini kama mtu anayengoja mzigo.

Moshi tulifika jioni. Daktari alikuwa mama wa umri wa shangazi yako, mpole, kalamu imetulia mkononi. Akauliza, "Dalili zilianza lini? Ganzi, kushindwa kushika vitu, kuandika vibaya, maneno kuwa mazito? Mliona lolote kabla ya leo?"

Nikasema, "Hapana, daktari. Alikuwa mzima. Imemkuta asubuhi hii tu."

Ulikuwa umesimama upande wa miguu ya kitanda, umekumbatia viatu vyake. Ukafungua mdomo. Nikakutazama. Ukaufunga.

Nafikiri kitu kilichokukaa ni hicho, kuliko hata ile simu. Ulisema kweli ikakataliwa, halafu mama yako akaifuta kabisa mbele ya mtu aliyekuwa anaihitaji. Mtoto akiona hivyo atafanya nini? Ataamua kwamba labda hakusema. Au labda alisema kwa sauti ndogo mno.

Nilisema vile kwa aibu. Sikuwa na sababu nyingine, na sitakutafutia. Nilimwona yule daktari na koti lake, nikaona nikimweleza habari za programu tatu na kibodi nitaonekana mwendawazimu.

Mwezi uliofuata, ulipokuwa umerudi Suji kwa shangazi, nilimpeleka baba yako kliniki nikamkuta daktari yule yule. Nikamwambia yote. Herufi, kikombe, kalamu, simu yako. Akaniacha nimalize. Akasema inaelekea alikuwa anapata viharusi vidogo vidogo kwa shinikizo la damu ambalo hakulijua. Nikamuuliza, "Ningempeleka siku ile mtoto aliponiambia, angekuwa mzima?" Akasema, "Tungeanza dawa mapema. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia, Mama, na atakayekuambia kwamba anajua, anakudanganya." Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana. Nimeishi na jibu hilo, na wewe utaishi nalo pia, lakini naomba ulichukue kama lilivyo. Swali lile lilikuwa langu. Jina lako lilitajwa mara moja tu, nilipomwambia binti yangu aliona.

Baadaye ulikwenda kidato cha tano, kisha chuo, na mimi nikatangaza kila mahali kwamba mwanangu amefuata kazi ya mama yake. Sikukuuliza kwa nini. Nilidhani ni sifa. Sasa ninajiuliza kama kila ukikaa mbele ya kioo cha mtu wa mbali, unatafuta zile herufi.

Kama ndivyo, basi kazi hii itakumaliza. Wateja wa hiyo kampuni iliyokuajiri Dodoma watakuwa Kigoma, Lindi, wapi sijui, na huwezi kuwa macho ya watu wote hao. Lakini kama unaipenda kwa haki yake, ifanye, unaiweza kunizidi. Mimi nina jambo moja tu nililolinunua kwa bei ghali: usimwambie mtu kaa tu, niachie mimi. Mwache aandike yeye, wewe tazama. Muulize amelalaje. Wengine watakuona msumbufu.

Baba yako hajawahi kunilaumu. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu. Mwaka wa kwanza nilikuwa namsemea. Akianza neno, namalizia. Wageni wakija namalizia, akitaka chumvi nimeshampa kabla hajafika kwenye ch. Siku moja mezani, tukila makande, alianza kusema kitu, nikasema, "Maji?" Akatikisa kichwa. "Kijiko?" Akaweka kijiko chini, akanitazama mpaka nikanyamaza. Kisha akafanya kazi ya kulitoa neno, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na lilikuwa ni "nzuri". Alikuwa anasifia chakula. Tangu siku ile nakaa na mikono yangu mapajani na kungoja. Ni kazi ngumu kuliko ufundi wowote.

Hilo linanileta kwenye ile programu uliyotuwekea Jumamosi kwenye kompyuta ya sebuleni. "Nitakuwa nawaona kila siku, Mama, hata sitawasumbua kupokea, naingia mwenyewe." Uliweka paswedi ya kudumu, na kamera. Nilikushukuru, na nilikushukuru kweli, nilijua moyo wako. Lakini ulipokwenda stendi kukata tiketi niliibadilisha. Sasa ukitaka kuingia itaomba ruhusa, na baba yako ndiye atakayebonyeza. Nimemfundisha. Anatumia mkono wa kushoto, na mausi inamkimbia, na mara nyingine anabonyeza kukataa badala ya kukubali, inabidi uombe tena. Itakuchukua muda kuingia. Usikate ukidhani ni mtandao.

Na usidhani kwamba kutuona huko ni kuja. Nayasema haya nikiwa mtu niliyedhani hivyo.

Sasa la mwisho, na hili si langu. Leo jioni ulipokuwa umekwenda kumuaga mwalimu wako, baba yako aliniita kibarazani. Aliniambia nizime redio, hivyo nikajua ni jambo kubwa. Tulikaa mpaka giza likaingia akilisema, na sikumsaidia hata silabi moja. Alisema, "Mwambie... asirudi... kwa ajili yangu."

Nikamuuliza, "Asije kabisa?"

Akatikisa kichwa kwa hasira, kwamba sijaelewa. Akaanza upya. "Aje... akitaka. Asije... kulipa."

Kumbe naye alijua. Sijui shangazi yako alimwambia, au aliliona tu mwenyewe, akikutazama miaka yote hii ukimkatia nyama na kumfunga viatu. Alinishika mkono akaniapisha nikuambie hivyo hivyo, nisiongeze wala nisipunguze. Nimekuambia.

Yeye ana upole ambao mimi sina. Ningependa kusema kama yeye, kwamba uwe huru, uje ukitaka. Lakini nikisema hivyo nitakuwa nimekuandikia barua ndefu na kuimalizia kwa uongo. Mimi naogopa. Naogopa nyumba hii ukishaondoka, watu wawili wanaongojeana maneno. Basi njoo, Namkunda. Njoo hata siku ambayo hutaki, hata ukiwa umenikasirikia kwa haya uliyoyasoma. Ukifika, gombana nami mlangoni, nitakusikiliza mpaka mwisho.

Nimeyaandika haya kwa haraka, usiangalie mwandiko.

Mama yako,
anayekupenda na anayekuomba radhi